Shwari ya Salem na Sandarusi ya Mrima

Katika lugha ya ofisi zetu ni nadra kupata sentensi inayopendwa kuliko hii: hali ni shwari. Mtendaji huiandika mwishoni mwa taarifa yake, kamanda huitamka mbele ya waandishi wa habari, nasi wananchi huipokea kama tunavyopokea salamu, bila kuuliza zaidi. Wachache hukumbuka kwamba neno hilo tumeliazima kwa wavuvi na manahodha. Shwari ni hali ya bahari isiyo na upepo wala wimbi. Aliye ufukweni huiona kuwa ni neema. Nahodha aliye katikati ya maji, tanga likiwa limelegea na pipa la maji ya kunywa likizidi kupungua, haioni hivyo hata kidogo. Kwake yeye shwari ni kukwama.

Nimekuwa nikilitafakari neno hilo tangu muhula uliopita, nilipowaonyesha wanafunzi wangu wa historia mchoro wa rangi ya mafuta uitwao Bandari ya Salem. Uliochora ni mkono wa Mmarekani Fitz Henry Lane, mwaka 1853, na leo umehifadhiwa katika Jumba la Sanaa la Boston. Mimi mwenyewe sijawahi kusimama mbele ya turubai lenyewe. Tuliutazama kwa projekta, pazia za darasa zikiwa zimeshushwa, feni ikizunguka juu ya vichwa vyetu. Nikawaomba wakae kimya dakika tano, kisha waseme walichokiona.

Wengi walisema picha inapumzisha. Binti mmoja alisema inatia upweke. Kijana aliyeketi nyuma, ambaye hana tabia ya kupamba maneno, akauliza: “Samahani, Mwalimu. Bandari ya Wamarekani, tena ya karne ya kumi na tisa, inatuhusu nini sisi?”

Swali lake lilikuwa la haki. Makala hii ni jibu ambalo kipindi cha saa moja hakikutosha kulitoa.

Nuru iliyopangwa

Tuanze na kinachoonekana. Anga imechukua sehemu kubwa ya turubai. Karibu na upeo wa macho rangi yake ni ya joto, kama ile ya saa za alasiri kuelekea jioni. Kadiri jicho linavyopanda, joto hilo hufifia polepole, wala hakuna mahali unapoweza kuweka kidole na kusema kwamba hapa rangi moja imekwisha na nyingine imeanza. Maji yametulia kama kioo, nayo yameipokea nuru ya anga na kuirudisha. Merikebu zimesimama. Matanga hayana upepo. Milingoti imeacha taswira zake majini, na nchi kavu ni ukanda mwembamba tu uliolala kwa mbali.

Siri ya hali hiyo iko katika mkono wa mchoraji. Wachoraji wengi huacha alama za brashi zionekane, nasi tukizitazama tunahisi kwamba kuna mtu aliyefanya kazi pale. Lane alizifuta alama zake. Rangi zake ni nyororo, tabaka juu ya tabaka, hata nuru inaonekana kana kwamba imetoka ndani ya turubai yenyewe. Mwaka 1954 mtaalamu wa sanaa John Baur aliueleza mtindo huu wa wachoraji wa Marekani wa katikati ya karne ya kumi na tisa, akaupa jina linalotokana na neno la Kilatini lenye maana ya nuru, nao hadi leo huitwa luminizimu. Sifa zake kuu ndizo hizo nilizozitaja: anga pana, maji tulivu, nuru inayobadilika taratibu, na mchoraji asiyeonekana.

Naomba msomaji aikumbuke sifa hiyo ya mwisho. Huu ni mtindo ambao uzuri wake unategemea kufichwa kwa kazi iliyouzalisha.

Hata hivyo, nisingependa mtu adhani kwamba ninamshitaki Lane kwa udanganyifu. Alikuwa fundi mwaminifu. Alizaliwa mwaka 1804 mjini Gloucester, katika jimbo la Massachusetts, mji wa wavuvi usio mbali na Salem. Tangu utotoni miguu yake ilipoteza nguvu, akatembea kwa magongo maisha yake yote. Alijifunza kazi katika karakana ya uchapaji wa picha mjini Boston, kisha akarudi kwao na kujijengea nyumba ya mawe inayotazama bandari, akaishi humo hadi alipofariki mwaka 1865. Katika michoro yake kila kamba ya merikebu iko mahali pake, na baharia wa zama zile angeweza kuikagua asipate kosa. Kwa jicho lake, alichokichora ndicho alichokiona. Tatizo la mwanahistoria huanzia pale ambapo jicho linakoma.

Merikebu zilikuwa zinakwenda wapi?

Swali la kwanza la kuuliza mbele ya picha ya bandari ni swali la karani wa forodha: vyombo hivi vimetoka wapi, na vimebeba nini? Tukiliuliza kuhusu Salem, jibu linatufikisha Unguja.

Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alitia saini mjini Muscat mkataba wa urafiki na biashara na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts. Mkataba ule uliwaruhusu Wamarekani kufanya biashara katika milki yake kwa ushuru wa asilimia 5. Lakini wafanyabiashara wa Salem walikuwa wamekwisha kutangulia. Kumbukumbu za kati ya mwaka 1832 na 1834 zinaonyesha kwamba kati ya merikebu 41 za kigeni zilizotia nanga Unguja, 32 zilikuwa za Marekani, na 20 kati ya hizo zilitoka katika mji mmoja tu, Salem. Mwaka 1837 Marekani ilipomtuma konseli wake wa kwanza kukaa Unguja, mtu aliyeletwa, Richard Waters, alikuwa mwenyeji wa Salem.

Merikebu hizo zilileta nini? Zilileta bidhaa nyingi, lakini iliyoacha jina katika lugha yetu ni moja. Bibi zetu waliposema merikani, walikuwa wanataja kitambaa kigumu cha pamba, cheupe kisichotiwa rangi, kilichobeba jina la nchi kilikotoka. Kitambaa hicho kilivaliwa pwani na bara. Katika njia za misafara ya kwenda Tabora na Ujiji kilitumika kama fedha, kikipimwa kwa doti, kikalipia hongo kwa watemi, chakula njiani, na ujira wa wapagazi. Kuanzia mwaka 1847 Salem yenyewe ilikuwa na kiwanda kikubwa cha mvuke cha kufuma nguo za pamba, kilichoitwa Naumkeag. Pamba iliyolisha viwanda vya aina hiyo ililimwa na watumwa weusi katika majimbo ya kusini mwa Marekani.

Na merikebu zilirudi na nini? Zilirudi na pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Pembe nyingi ziliishia katika karakana za jimbo jirani la Connecticut, zikachongwa vitana na vibao vya kinanda cha piano. Hivyo binti wa tajiri wa Boston aliweza kupiga muziki wa jioni kwa vidole vilivyogusa pembe iliyotembea juu ya bega la Mnyamwezi kwa miezi kadhaa, wala asijue jina la nchi ilikotoka. Baadhi ya wabebaji wale walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, wengine walikuwa watumwa. Biashara hiyo iliwahitaji wote, na mikopo ya bidhaa kutoka kwa wafanyabiashara wa kigeni ilikuwa miongoni mwa mafuta yaliyoendesha mtambo wake.

Waters ni mfano unaofundisha. Alikuwa Mkristo mwenye bidii aliyechukia utumwa, na shajara yake inaonyesha jinsi alivyofadhaika kuwaona watumwa wakiuzwa Unguja. Wakati huohuo alishirikiana kwa karibu na Jairam Shivji, mkuu wa forodha ya Sultani, ambaye hazina yake ilipata ushuru pia kutokana na watumwa waliopitishwa bandarini. Akarudi kwao akiwa na mali. Simtaji ili tumcheke. Namtaja kwa kuwa wengi wetu tulio katika utumishi wa umma au katika vyuo tunaijua hali hiyo: dhamiri inaandika shajara usiku, mkono unatia saini mchana.

Mng'ao unaochimbwa

Nimeiacha sandarusi kwa makusudi, maana ndiyo inayoturudisha kwenye suala la nuru.

Babu yangu, mtu wa Mrima kaskazini mwa Bagamoyo, aliwahi kunionyesha nikiwa mtoto mabonde madogo kwenye ardhi ya kichanga, yameota nyasi, kila moja likiwa na ukubwa wa kitanda. Nilidhani ni makaburi. Akaniambia, “Hapo wazee walichimba sandarusi, mjukuu wangu. Jembe likigonga tu, mtu anapiga magoti, anamalizia kwa mikono.” Sikulitilia maanani jambo hilo hadi nilipokuwa mtu mzima, nikisoma habari za Salem katika maktaba.

Sandarusi ni utomvu wa mti, msandarusi. Ulio bora ni ule uliozikwa ardhini muda mrefu sana baada ya mti wenyewe kutoweka, ukawa mgumu kama jiwe na angavu kama asali. Ule mchanga, uliotoka mtini karibuni, wenyeji waliuita chakazi, na wafanyabiashara wa Kizungu, kwa masikio yao, wakaligeuza neno hilo kuwa la Kiingereza lenye maana ya punda. Sandarusi bora iliyeyushwa pamoja na mafuta ikawa vanishi, ile inayopakwa juu ya meza, gari la farasi au kinanda ili uso wake ung'ae na rangi iliyo chini ionekane ina kina.

Kwa miaka mingi sandarusi ya Mrima ilipelekwa Salem ikiwa ghafi, na udongo wake. Kulikuwako huko karakana ya Jonathan Whipple iliyoisafisha. Ililowekwa katika maji ya magadi, ikaoshwa, ikaanikwa juani juu ya majukwaa mapana, ikageuzwa mara kwa mara, kisha ikasuguliwa kwa brashi na kupangwa kwa daraja. Ushuru wa Marekani wa mwaka 1861 juu ya sandarusi ghafi ndio uliovunja utaratibu huo, na kazi ya kuosha ikahamia Unguja.

Hoja yangu haihitaji kwamba juu ya turubai la Lane kuwe na tone la vanishi yetu. Nasema jambo pana zaidi. Mwaka ule wa 1853, katika mji uleule, chini ya jua lilelile linalopendezesha mchoro ule, utomvu uliochimbwa na mikono ya Mrima ulikuwa umeanikwa ukikauka. Mng'ao ulikuwa bidhaa. Ulikuwa na bei, ulikuwa na mzani, ulikuwa na mtu aliyepiga magoti. Watu wa tabaka lililoning'iniza michoro ya namna hii sebuleni waliishi katikati ya nyuso zinazong'aa, na macho yao yalizoea kuuona mng'ao kama tabia ya kawaida ya dunia.

Shahidi mwingine wa nuru ileile

Kuna atakayesema: unamdai mchoraji mambo yasiyokuwa ya wakati wake, watu wa enzi zile hawakuweza kuiona dunia kwa jicho hilo. Hoja hii ina uzito, na aghalabu ndiyo inayofunga mjadala. Mimi nadhani inajibika, kwa sababu Salem ilikuwa na shahidi mwingine.

Charlotte Forten alizaliwa Philadelphia mwaka 1837, katika familia ya Wamarekani weusi waliokuwa huru na waliopigania ukomeshaji wa utumwa. Kwa kuwa shule za kwao zilibagua, alipelekwa kusoma Salem, akakaa katika nyumba ya Charles Lenox Remond, mpinga utumwa mashuhuri na mtu mweusi pia. Tarehe 24 Mei 1854, akiwa na umri wa miaka kumi na sita, alianza kuandika shajara. Anafungua kwa kueleza alivyoamka alfajiri na jinsi jua lilivyoingia dirishani mwake. Ni nuru ya mji uleule alioupaka rangi Lane mwaka mmoja kabla.

Jioni ya siku ya pili tu, shajara inabadilika. Habari zimefika kwamba huko Boston amekamatwa mtu aliyetoroka utumwani. Mtu huyo ni Anthony Burns, kutoka Virginia. Sheria ya Watumwa Watoro ya mwaka 1850 iliyalazimisha hata majimbo yasiyo na utumwa kuwarudisha waliokimbia, ilhali Massachusetts yenyewe ilikuwa imeachana na utumwa tangu miaka ya 1780. Tarehe 2 Juni Burns alipitishwa katika mitaa ya Boston kati ya safu za askari wenye silaha, umati ukitazama, akapakiwa merikebuni na kurudishwa kwa bwana wake. Uhuru wake ulikuja kununuliwa mwaka uliofuata.

Merikebu iliyomchukua ilipita katika ghuba ileile. Huenda jua lilikuwa zuri.

Forten hakuacha kupenda uzuri baada ya hapo. Shajara yake imejaa vitabu, matembezi, maua na bahari. Alichokataa ni kuuacha uzuri huo uwe mwisho wa maelezo. Katika kurasa zake jua na pingu vinakaa karatasi moja, na jua halipungui chochote kwa ukaribu huo. Kwa hiyo si kweli kwamba watu wa wakati ule hawakuweza kuona. Msichana wa shule aliona. Ukungu ulioyafunika macho ya wengine haukuwa wa karne. Ulikuwa wa nafasi zao.

Basi inatuhusu nini?

Lipo jambo moja katika mchoro wa Lane ambalo binti yule aliyetaja upweke alilihisi kabla yangu. Merikebu haziendi. Salem ya mwaka 1853 ilikuwa bandari iliyokwisha kupita kilele chake. Boston na New York zilikuwa zinainyang'anya shehena, na mwandishi Nathaniel Hawthorne, aliyefanya kazi katika forodha ya mji huo kuanzia mwaka 1846 hadi 1849, aliieleza gati yake kama mahali palipolala usingizi. Miaka minane baada ya mchoro, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaikata pamba, merikani ikaadimika Unguja, na vitambaa vya Kiingereza na vya Kihindi vikachukua nafasi yake. Ile tunayoiona kama amani ya jioni ilikuwa pia shwari ya nahodha. Mfumo mzima, kuanzia mashamba ya kusini hadi masoko ya Unguja, ulikuwa umesimama juu ya deni ambalo halikuwa limelipwa. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Ndiyo maana ninawaomba wanafunzi, wanaharakati na hasa watumishi wa umma wanaonisoma wajifunze kutazama picha. Nchi yetu nayo inachorwa kila siku. Inachorwa katika kalenda za mashirika, zenye jahazi na machweo. Inachorwa katika vipeperushi vya utalii, ambamo fukwe hazina wavuvi, au wavuvi wamo kama pambo tu. Inachorwa katika taarifa za utekelezaji, ambamo takwimu zimesuguliwa hadi zikang'aa na alama zote za brashi zimefutwa. Si lazima picha hizo ziwe za uongo. Mara nyingi kila kamba iko mahali pake, kama kwa Lane. Ila mtumishi anayeandika kwamba wananchi walihama eneo la mradi na hali ni shwari, anapaswa kujua kwamba amechagua saa ya kuchora, pembe ya kusimama, na umbali ambao sura za watu hazionekani.

Wala sisemi tuache kupenda mchoro ule. Mimi naupenda. Kila mara ninapoufungua, bega langu hushuka kidogo na pumzi hutulia. Nimejifunza tu kutouacha utulivu huo unifungie daftari.

Baada ya kipindi kile niliwapa wanafunzi zoezi. Kila mmoja atafute picha moja tulivu iliyotundikwa mahali anapopita kila siku, kisha aandike orodha ya watu waliofanya kazi kabla ya picha hiyo kuwezekana. Yule kijana wa nyuma alileta kalenda ya mwaka uliokwisha, yenye picha ya bandari ya Dar es Salaam wakati wa mapambazuko, maji yakiwa ya dhahabu na winchi zikiwa weusi mtupu. Orodha yake ilijaza kurasa mbili. Ilianza na makuli, ikapitia mama lishe anayewasha moto saa kumi alfajiri, ikafika kwa mzamiaji anayekagua nguzo za gati. Mwishoni aliandika jina la baba yake, na mbele yake idadi ya miaka aliyobeba magunia hapo kabla mgongo haujamshinda.

Sikuweza kuweka alama siku ile. Niliirudisha karatasi wiki iliyofuata, nikiwa nimeandika chini yake kwamba swali lake la kwanza amelijibu mwenyewe.